Uzoefu wangu: kundi la WhatsApp la kumuuguza mtoto aliyevunjika paja, wiki 11, Mtwara

Nimelitumia kundi hili wiki 11: wiki 6 mtoto akiwa wodini mguu ukivutwa kwa uzito, na 5 akiwa nyumbani kwa magongo. Mtoto ana miaka 7 na kilo 22. Alianguka kwenye mwembe, mfupa wa paja ukavunjika katikati. Kundini tulikuwa watu 43, wengi hatujawahi kuonana uso kwa uso: wapo Newala, Tandahimba, Nachingwea, Dar, na wachache Uarabuni. Naipa huduma hii alama 4 kati ya 5. Kwa michango, zamu za usiku na kumchangamsha mtoto, sijaona cha kuishinda. Alama moja nimeikata kwa sababu ya ushauri wa tiba, na nitaeleza.

Kwanza mpangilio. Kundi moja halitoshi. Watu 43 wakiuliza "anaendeleaje?" kila mmoja kwa saa yake, simu inazima kabla ya adhuhuri, na soketi ya wodini ina foleni. Fungueni mawili. Kubwa liwe la taarifa, ambalo maadmini pekee wanaandika (ruhusa hiyo inabadilishwa kwenye mipangilio ya kundi). Dogo liwe la watu 6 wa kazi. Msemaji awe mtu mwingine, sio mzazi aliye kitandani na mtoto. Kwetu alikuwa shangazi yake. Anatoa taarifa moja kwa siku, baada ya raundi ya daktari, yenye mistari 4: maumivu ya usiku, vidole vinachezaje, chakula na choo, na kinachohitajika leo. Kisha anaibandika juu ili anayechelewa kuingia aikute bila kuuliza.

Mstari wa choo watu huuonea haya, lakini msiuache. Mtoto anayelala chali siku zote hufunga choo, zaidi akiwa kwenye dawa kali za maumivu, na tumbo likijaa anagoma kula. Taarifa ilipoandika "leo siku ya 3", nesi akaambiwa, papai likaletwa, na chupa ya maji ikawekwa pale mkono wa mtoto unapofika.

Kuhusu michango: omba kitu chenye jina na kipimo. Ukiandika "chochote ulichonacho" utapata pole nyingi. Ukiandika "bendeji za kuvutika za sentimita 10, rola 2, kabla ya saa 10 jioni", bendeji zinafika. Orodha yetu ya wiki ya kwanza ilikuwa mpira wa kutandika kitandani mita 1 na nusu, kanga 4 kuukuu (mpya hazinyonyi jasho), beseni 2, chupa ya haja ndogo, na mto mdogo wa sufi. Namba ya kupokelea pesa iwe ya mtu mmoja, daftari lishikwe na mwingine, na kila jioni picha ya ukurasa wa daftari pamoja na risiti iingie kundini. Anayetuma aongeze ya kutolea, la sivyo elfu 10 inafika mkononi ikiwa pungufu.

Vifurushi vya basi kutoka Dar vinasafiri zaidi ya kilomita 500, kwa hiyo mtumaji apige picha namba za gari na achukue namba ya simu ya kondakta. Jina kamili la mpokeaji liandikwe kwa maka pande 2 za boksi. Boksi letu la kwanza lililala stendi siku 2 kwa sababu liliandikwa "Mama" na jina moja tu la mtoto, na mama wa jina hilo Mtwara hawahesabiki. Kwenda stendi ni kazi ya mmoja wa wale 6. Na kama mtoto amegongwa na chombo cha moto, mtu wa kwanza kutumwa na kundi aende polisi kufuatilia PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, wakati mzazi amebaki hospitali.

Zamu za usiku ndizo zilizonifanya niandike haya. Mchana wodini kuna watu na kelele. Usiku mzazi anabaki na feni na mtoto asiyeweza kujigeuza. Tuligawa vipande 2, saa 4 mpaka 8 na saa 8 mpaka 12 asubuhi, watu 2 kila kipande. Chagueni ambao kwa kawaida wako macho. Kwetu mmoja ni mlinzi, mwingine anaamka saa 9 usiku kukanda unga wa maandazi. Hawakutakiwa kusema mengi. Ukiandika "hajalala", mtu anajibu "nipo nawe", basi. Kila baada ya saa 2 walikumbusha kukagua kisigino na sehemu ya juu ya makalio, maana ngozi inayokandamizwa ikianza kuwa nyekundu na wekundu usiondoke ukibonyeza, kidonda kiko njiani. Kisigino kinawekewa mto chini ya shavu la mguu ili kielee, kisiguse godoro.

Kwa mtoto, jumbe za sauti zilizidi zawadi zote. Hadithi isizidi dakika 3, kwa sababu akiwa na maumivu hawezi kufuata zaidi ya hapo. Anayerekodi akisema "Paukwa!" anyamaze sekunde 5, vivyo hivyo baada ya "Kitendawili!", mtoto apate nafasi ya kuitikia "Pakawa" au "Tega". Simu ikilazwa juu ya mto karibu na sikio, sauti ya chini kabisa inatosha wala jirani haamki. Bibi mmoja wa Newala alikuwa anatulia kwenye pengo lile mpaka unamsikia akipumua, na mtoto alikuwa anamjibu kwa kunong'ona. Kwa upande wa bando, zima upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video. Jumbe za sauti zitaendelea kujipakua zenyewe, na ukubwa wake ni mdogo.

Sasa ile alama niliyokata. Siku ya pili tu kulishakuwa na mapendekezo 4 ya kukanda, mafuta ya kupaka, na namba ya fundi wa mifupa. Waliosema walikuwa wanampenda mtoto, hilo silitilii shaka. Lakini kukanda mfupa uliovunjika kunausogeza, na banzi zikikazwa huku nyama inavimba, damu haipiti na kiungo kinaweza kuoza. Tukaweka sharti: hapa hakuna kutaja dawa, kukanda, kufungua wala kulegeza. Kinachoruhusiwa ni swali la kumuuliza daktari kesho. Sharti liandikwe kwenye maelezo ya kundi, na admini afute papo hapo bila kumfokea mtu.

Kitu kimoja cha kitaalamu kilichoruhusiwa kilitoka kwa mwanachama mmoja ambaye ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo: namna ya kukagua mguu unaovutwa. Uzito uning'inie huru, usiguse sakafu wala chuma cha kitanda. Kwetu ulikuwa kilo 2, na daktari ndiye anayeupanga. Mgeni asiunyanyue eti mtoto apumzike, kwa sababu kila ukinyanyuliwa misuli ya paja inajikunja na kuvuta vipande vya mfupa. Bonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka uwe mweupe, achia, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Mwambie mtoto avute vidole kuelekea puani. Akishindwa, huenda bendeji inabana mshipa wa fahamu unaopita nje ya goti, chini kidogo. Maumivu yanayozidi baada ya dawa, ganzi, mguu kuwa baridi, au mtoto kulia ukimnyoosha vidole: mwite nesi muda huohuo. Usipoteze dakika kuandika kundini. Majibu yanakuja haraka, ila hakuna aliyeko Nachingwea anayeweza kulegeza bendeji iliyoko Mtwara.

Picha ya eksirei nusura ivunje kundi. Ilionyesha ncha za mfupa zimepandana kama sentimita 1, watu wakaandika kwamba mtoto atakuwa kilema. Kwa umri wa miaka 2 mpaka 10, kupandana kidogo kunakubalika, kwa sababu paja lililovunjika hukua haraka zaidi kwa muda na kurudisha karibu sentimita hiyo. Muulizeni daktari kwanza, ndipo picha itumwe. Na ikitumwa, ishikilieni mbele ya dirisha lenye mwanga, zibeni jina la mtoto, itumeni kama faili ili isipoteze ubora. Picha za mtoto akiwa amelala na mguu juu zisiende kwenye statasi ya mtu yeyote. Ile picha ya kutazamwa mara moja haina ulinzi kamili. Simu ya pili inatosha kuipiga.

Wiki ya 5 kundi lilinyamaza, na nadhani kila kundi hufika hapo. Pangeni mapema nani atakuwepo baada ya kuruhusiwa, maana nyumbani hakuna nesi na goti limekakamaa. Mtu mmoja alipiga simu ya video kila siku saa 11 jioni kuhesabu mazoezi: kukunja goti mara 10, mara 3 kwa siku, kama tulivyoelekezwa hospitali. Mwalimu wa kundini alituma picha za daftari la darasa kila Ijumaa.

Magongo alichonga fundi seremala kwa vipimo vilivyotumwa kundini: juu yaishie vidole 3 chini ya kwapa, mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono, kiwiko kikunjwe kidogo. Uzito wa mwili ubebwe na viganja. Mtoto akiegemea kwapa, mikono inakufa ganzi. Raba ya kawaida ya chini ilizama kwenye mchanga wa mtaani kwetu, fundi akakata duara pana zaidi kutoka tairi kuukuu na kuligongomea misumari mifupi, vichwa vikiwa vimezama ndani ya mpira. Ilikubali.

Magongo hayo sasa yako kwa mtoto mwingine Nanyamba, ambaye mama yake tumemwongeza kundini Jumapili. Urefu ni sentimita 88, raba ya kushoto imelika kidogo, na bibi wa Newala ameshaombwa kurekodi.