Ziara ya miguu East End, London: isiishie Brick Lane

Njia ni kama kilomita mbili, kutoka kituo cha Aldgate East hadi Arnold Circus, lakini tenga saa mbili. Ziara inayofaa huanzia Whitechapel Gallery (Jumatatu hufungwa), iliyofunguliwa 1901. Chimbuko lake ni maonyesho ya picha ambayo Kasisi Samuel Barnett na mkewe Henrietta walianza kuwaandalia majirani zao maskini mwaka 1881. Ukitoka, shika kulia, kisha kulia tena Commercial Street. Toynbee Hall, waliyoianzisha 1884, iko upande huohuo, imerudi nyuma kidogo ya barabara; ni rahisi kuipita. Wasomi wa vyuo vikuu walihamia hapa wakaishi na wenyeji. William Beveridge, ambaye baadaye aliandika ripoti iliyoweka msingi wa huduma za jamii Uingereza, alikuwapo 1903; Clement Attlee, waziri mkuu wa baadaye, 1910. Kiongozi anayejua kazi yake atakuonyesha jinsi huduma ya afya ya taifa ya 1948 ilivyoanza kuwazwa kwenye mitaa kama hii.

Endelea na Commercial Street hadi Fournier Street, kulia, utazame madirisha mapana ya darini: wafumaji wa hariri walihitaji mwanga. Mwisho wake ni msikiti wa Brick Lane. Jengo lilikuwa kanisa la Wahuguenoti (Waprotestanti waliokimbia Ufaransa) 1743, baadaye la Wamethodisti, sinagogi 1898, msikiti tangu 1976. Saa ya jua ingali juu ukutani.

Ziara nyingi huishia hapo, na hilo ni kosa kubwa. Za jioni ndizo mbaya zaidi, kwani humezwa na mauaji ya 1888 ya Jack the Ripper, muuaji asiyejulikana hadi leo, na wanamageuzi hawatajwi tena. Kabla ya kulipa uliza: mnafika Arnold Circus? Epuka pia Jumapili. Soko la Brick Lane hufurika na sauti ya kiongozi haisikiki.

Arnold Circus ndiyo moyo wa ziara. Halmashauri ya London ilibomoa mtaa duni wa Old Nichol ikajenga Boundary Estate, mtaa wa nyumba za kupanga uliozinduliwa 1900: barabara saba zinazokutana kwenye duara, matofali mekundu yenye mistari myeupe-manjano. Panda kilima cha katikati, penye jukwaa la bendi. Unakanyaga kifusi cha nyumba zilizobomolewa. Watu 5,719 waliondolewa. 11 tu ndio waliopata makao katika nyumba hizo mpya, maana kodi ya nyumba iliwashinda wengine. Kiongozi akisifu matofali akanyamazia hesabu hiyo, amekuuzia nusu ya ziara.

Kurudi, teremka Calvert Avenue. Kituo cha karibu ni Shoreditch High Street.