Nilipeleka cheni kunolewa, nikarudishiwa meno ya buluu

Sijui nianzie wapi bila kutukana. Majuma machache yaliyopita, au ni mwezi sasa, nilipeleka cheni 3 za msumeno wa injini wa kukatia miti kwenye karakana inayojitangaza kwamba inanoa kwa mashine, kazi ya dakika 10 na mteja anaondoka. Hizo dakika 10 walizitimiza, siwasingizii. Balaa ni walichokifanya ndani yake.

Cheni ya kwanza ni ya 3/8 (kipimo cha nafasi ya viungo vyake, kwa inchi), yenye vilimi 72 vinavyotembea ndani ya mfereji wa baa, ule ubapa mrefu wa chuma ambao cheni inauzunguka, kwa hiyo ina meno 36: 18 ya kushoto na 18 ya kulia. Jino la cheni kama hii halina haraka ya kuisha. Ukilinoa kwa tupa ya duara ya mm 5.5 (watengenezaji wengine wanataka 5.2, soma maelezo ya cheni yako), kwa pembe ya nyuzi 30, ukisukuma tupa mara 2 au 3 kwa kila jino, unakula chuma chembamba kama unywele. Unaendelea hivyo mpaka sehemu ya juu ya jino ibaki na urefu wa mm 4, hapo cheni inatupwa. Yangu ilikwenda ikiwa na karibu mm 9. Iliporudi nikapitisha venia, kile kipimo cha sehemu za milimita: upande wa kushoto mm 6 na kidogo, upande wa kulia karibu 8. Maisha ya cheni nzima yamegeuzwa cheche kwa mkupuo mmoja, tena bila hata usawa wa kuonea haya.

Hilo ningelimeza. Lisilomezeka ni rangi.

Karibu meno yote ya kushoto yalikuwa na mstari wa buluu kwenye ukingo wa kukatia, mengine yakielekea weusi. Nikamwonyesha fundi mkuu. Hakuinua hata kichwa. "Kaka, hiyo ni rangi tu. Kata mti mmoja itatoka."

Rangi tu! Jiwe la grainda halipaki rangi. Chuma kikipata joto kinabadilika sura kwa ngazi zinazojulikana: kwanza manjano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, na kikikaribia nyuzi 300 za selsiasi kinakuwa buluu. Rangi hiyo ni ushahidi wa joto lililopita pale. Ugumu wa jino ulitengenezwa kiwandani kwa joto lililopimwa, na ukilichoma kwa grainda unauvuruga. Mahali pengine chuma kinalainika, makali yanakufa baada ya matawi mawili matatu. Mahali pengine joto linapanda zaidi, halafu mwili wa jino ulio baridi unalinyonya ghafla, na juu panabaki utando mgumu kama kioo unaomeguka ukigonga fundo la mti. Ndiyo maana cheni iliyoungua inaweza kukata vizuri kwa dakika 5 za mwanzo, mteja akafurahi, akalipa, akaondoka.

Usingoje mti ukuambie. Nenda na tupa yako mfukoni. Iweke kwenye jino la buluu na usukume mara moja tu. Kwenye jino lisiloungua tupa inauma, unausikia mkwaruzo mkononi na unaona mng'ao mpya. Jino lililoungua hadi kuota utando ule mgumu linaikataa: tupa inalia na kuteleza kama iko juu ya chupa. Nililifanya hilo palepale mbele ya kaunta, meno 4 mfululizo, yote yakateleza. Unajua jibu nililopata? "Tupa ni mambo ya wazee. Sisi hapa ni mashine."

Basi tuizungumzie hiyo mashine, maana mimi sina ugomvi nayo. Mashine ya kunolea cheni ni kifaa kizuri mikononi mwa mtu mwenye subira. Jiwe linatakiwa kusafishwa mara kwa mara kwa kijiwe chake maalumu, kwa sababu likishaziba vumbi la chuma uso wake unang'aa, na jiwe linalong'aa halikati tena, linasugua, na kusugua ndiko kunakozaa joto. Mguso uwe wa bonyeza-achia, bonyeza-achia, mfupi kabisa. Kama jino linahitaji kuliwa sana, unalipitia kwa mizunguko miwili au mitatu ya cheni nzima, meno yakipoa katikati, badala ya kulikandamiza mara moja mpaka linyooke. Halafu kabla ya yote unatafuta jino fupi kuliko yote, unaweka kizuizi cha mashine kwalo, na mengine yote yanafuata urefu huo. Fundi wangu alianza na jino lililokuwa karibu na mkono wake. Jiwe lake nililiona: linang'aa kama sahani ya udongo.

Hilo la urefu kutolingana lina adhabu yake. Msumeno unavutwa upande wenye meno marefu, mkato unapinda, na katika gogo nene baa inabanwa. Wengi wakiona mkato umepinda wanakimbilia kununua baa. Kwanza toa baa, safisha mfereji wake, pitisha tupa bapa kwenye kingo zilizoota mikwaruzo, ifunge ikiwa imegeuzwa juu chini, kisha kata tena. Ukiona bado unapindia upande uleule, shuku cheni, na venia itakumalizia ubishi.

Na ile cheni ilirudi ikiwa imejaa unga wa jiwe. Unga huo ni msasa. Unaingia kwenye ribiti, kwenye mfereji wa baa na kwenye gurudumu dogo la nchani. Cheni iliyotoka kwenye grainda hupigwa brashi, ikalazwa kwenye oili usiku mzima, ndipo ifungwe. Kwao iliviringishwa kwenye gazeti.

Kwa hiyo karakana hii naipa nyota 1. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeamua.

Kisha nikaifunga cheni ya pili, ile ndogo ya msumeno wa kupandia nao mtini, 3/8 ya umbo la chini, yaani yenye meno mafupi kwenda juu, inayonolewa kwa tupa ya mm 4.0. Hii ilinolewa na kijana mwanafunzi wa pale, nilimwona mwenyewe: anagusa, anaachia, anafuta, anatazama. Hakuna buluu hata kwenye jino moja. Nikaijaribu kwenye gogo chini na nikakiri moyoni kwamba nimewaonea. Msumeno ulikuwa unatema maranda mapana, makavu, hakuna unga kabisa, na unga ndio unaokwambia cheni ni butu. Mkato umenyooka kama umepigiwa rula. Nikapandisha hadi nyota 3, nikafikiria hata 4.

Maranda yale yalikuwa mapana mno. Hapo ndipo ningestuka, sikustuka.

Kwenye tawi lisilonenepa kuliko paja, msumeno ukaanza kudaka. Haukati, unadaka: unauma, unasita, unaruka, klachi inateleza, injini inazama pumzi. Nikaushusha, nikaweka kibao cha kipimo juu ya meno. Mbele ya kila jino kuna kinundu, na kinundu hicho ndicho kinachoamua jino lizame kiasi gani ndani ya mti. Kwa cheni kama hii kinatakiwa kuwa chini ya ncha ya jino kwa mm 0.65 tu. Vyangu vilikuwa vimeshushwa mm 1.2, vingine zaidi, vyote vimekatwa bapa kwa grainda bila hata kuviringwa mbele. Kijana alinoa meno, bosi akaja "kumalizia" vinundu kwa jicho. Kwa jicho! Kitu kinachopimwa kwa sehemu za milimita!

Hapa hasira yangu si ya cheni tena. Huu ni msumeno wa kupandia, mwepesi, mpini wake uko juu, unafanya kazi karibu na kifua na karibu na kamba. Cheni yenye vinundu vifupi huongeza hatari ya msumeno kupiga teke, yaani robo ya juu ya ncha ya baa ikigusa mti, baa nzima inarushwa juu na nyuma kumwelekea aliyeushika. Chini unaweza kurudi hatua. Juu ya mti huna pa kurudi, umefungwa kamba ya kupandia na kamba fupi ya kiunoni, mbili kama inavyotakiwa kila unapowasha mashine ukiwa juu, na usoni kwako kuna cheni inayodaka. Breki ya cheni ipo, ndiyo, na inajaribiwa kila asubuhi kabla ya kupanda. Lakini breki ni ya kuokoa baada ya kosa. Haikuwekwa pale ili fundi apate ruhusa ya kukosea.

Tena kinundu hakina dawa ya haraka. Jino likiwa refu unalipunguza, lakini kinundu kilichokatwa hakiongezwi. Njia iliyopo ni kulinoa jino lenyewe, na kwa kuwa mgongo wake unashuka kuelekea nyuma, kila unapolirudisha nyuma ncha yake inashuka, mpaka ile tofauti irudi 0.65. Maana yake unatupa nusu ya jino zuri ili kulifidia kosa la mtu. Kazi halali ya vinundu ni hii: kila baada ya kunoa mara 3 hivi, weka kibao cha kipimo, kinachochungulia juu yake kishushe kwa tupa bapa, mipigo miwili inatosha, kisha viringa pembe ya mbele ili kinundu kiteleze juu ya mti badala ya kuukwaruza. Cheni nzima haichukui dakika 10. Wao walikuwa na dakika 10 na mashine.

Sasa niwapime vipi? Nimebadilisha mawazo mara nyingi mpaka najionea aibu. Kijana ana mkono, huyo nampa 4 bila kusita. Karakana kama karakana, sijui. Kuna kazi ambayo grainda pekee ndiyo inayoiweza: cheni iliyogonga msumari uliozama ndani ya shina, meno 10 yamevunjika ncha, au iliyoingia kwenye mchanga. Kuirudisha cheni hiyo kwa tupa ni kujitesa, na hapo ningemtuma yeyote kwenye mashine bila kinyongo, ila awe na masharti. Awaambie wazi: msiguse vinundu, nitavishusha mwenyewe. Awaonyeshe pembe anayotaka, maana cheni ya kupasulia mbao inanolewa nyuzi 10 na ya kukata matawi 30, na mtu asiyeuliza anaweka ileile ya jana. Ahesabu meno yaliyoharibika kabla ya kuacha cheni. Asiondoke bila kuipitisha mbele ya mwanga, jino kwa jino, akitafuta buluu, na bila kupima jino moja la kushoto na moja la kulia.

Kwa cheni isiyogonga kitu, cheni iliyochoka tu kwa kazi, sitaipeleka kwa mtu tena. Jiriwa ndogo inayopigiliwa kwenye kisiki, tupa yenye mpini, kishikio kinachoiweka tupa ili sehemu ya tano hivi ya unene wake ichungulie juu ya jino. Sukuma kutoka ndani kwenda nje, inyanyue wakati wa kurudi, izungushe kidogo ili isilike upande mmoja. Maliza meno ya upande huu yote, ndipo uhamie upande wa pili. Ukijaza tenki la petroli mara ya pili, gusa meno tena kidogo. Nani alisema haya ni mambo ya wazee?

Cheni ya kwanza nimeipeleka kwa mtu mwingine, akasafisha jiwe lake na kuondoa utando ulioungua kwa kugusagusa. Imekula mm 1 nyingine. Tupa sasa inauma, cheni inakata, lakini imebakiwa na maisha mafupi na siifungi kwenye gogo ninaloliogopa. Ya pili inaning'inia msumarini. Sijaamua kama niihangaikie au niikate vipande.

Ya tatu, ile iliyogonga msumari kweli, bado iko kwao. Jana nilimpigia simu yule kijana, si bosi, nikamwomba anoe meno tu na asiruhusu mtu yeyote aguse vinundu. Akanijibu kwa adabu zote, "Sawa mzee, nimekuelewa. Lakini hapa kila cheni bosi ndiye anayemalizia."

Naifuata asubuhi, kabla hajaamka.