Dripu ya nyumbani kwa paka mzee mwenye ugonjwa wa figo: uzoefu wangu

Ninachotumia ni Ringer Lactate (maji ya dripu yenye chumvichumvi) ya chupa ya 500 ml, mpira wa dripu na sindano za geji 18, zile za kitako cha pinki. Paka ana kilo 4, na daktari wa mifugo ameandika 100 ml chini ya ngozi kila baada ya siku moja. Figo zilizochoka hupoteza maji mengi kwenye mkojo kuliko paka anavyoweza kunywa. Dripu haiziponyi, ila akipata maji ya kutosha anarudia chakula, na hilo peke yake limenitosha kuendelea nayo.

Kinachomtoa paka mbio mara nyingi ni ubaridi wa maji. Ninaweka chupa kwenye bakuli la maji ya moto kwa dakika 10, halafu ninadondoshea mkononi: yawe vuguvugu tu. Maikrowevu hapana, maana joto lake halienei sawa.

Jaza mpira maji hadi hewa itoke, tundika chupa kama mita moja juu ya paka, kisha vuta ngozi katikati ya mabega isimame kama hema. Sindano iingie chini ya hema, mdomo wake ukitazama juu. Manyoya yakilowa, imetokea upande wa pili. Maji yakisita, ncha imegusa ngozi; zungusha sindano kidogo au irudishe nyuma kidogo sana. Sindano za kijani, geji 21, ni nyembamba lakini maji hupita polepole mno, na paka mzee hachelewi kuchoka. Tumia sindano mpya kila mara.

Udhaifu wa chupa hizi ni mistari ya vipimo: haisomeki vizuri. Mimi ninapima kwa mizani ya jikoni. Ikipungua gramu 100, zimeingia takriban 100 ml. Uvimbe unaobaki huteremka hata mguuni, na kwa kawaida hunywea ndani ya saa kadhaa.

Soma lebo kabla ya kuondoka dukani. Dextrose 5% (dripu ya maji ya sukari) si mbadala wa Ringer Lactate chini ya ngozi; inaweza kuleta jipu. Na mwenye moyo dhaifu maji yanaweza kumjaa kifuani, kwa hiyo hesabu pumzi akiwa usingizini. Zikizidi 30 kwa dakika, acha dripu umpigie daktari siku hiyohiyo. Akihema mdomo wazi, mpeleke palepale.