Tathmini: Huduma ya Kumaliza Mkopo wa Nyumba Kabla ya Muda

Benki ninayoizungumzia hapa ni mojawapo ya benki kubwa nchini Kenya, na kwa kuwa nina malalamiko juu yake sitaitaja jina. Mkopo wenyewe ulikuwa wa nyumba iliyoko Bamburi, Mombasa, wenye riba inayobadilika na inayokokotolewa juu ya salio linalopungua, nami nimeumaliza kabla ya muda wake. Ninachokitathmini si mkopo, bali ile huduma ya kuulipa mapema, ambayo afisa wa mauzo huigusia kwa sentensi moja siku ya kutia saini na ambayo haina hata karatasi ya maelezo kaunta. Kwa ufupi, ni huduma yenye faida kubwa kwa mteja ambayo benki huitoa shingo upande, na mteja asiyeandika barua kila hatua atapata nusu tu ya faida hiyo.

Faida ni bora ionekane kwa namba. Chukua mkopo wa shilingi 4,000,000 wa miaka 15 kwa riba ya asilimia 13 kwa mwaka. Rejesho la kila mwezi ni takriban shilingi 50,610, na mwezi wa kwanza shilingi 43,333 kati ya hizo ni riba, kwa hiyo deni lenyewe hupungua kwa shilingi 7,277 tu. Baada ya miaka mitano mkopaji atakuwa amekwisha kuipelekea benki zaidi ya shilingi milioni 3, ilhali deni lililobaki ni karibu milioni 3.39. Wapo wanaoiona namba hiyo kwenye taarifa ya akaunti wakaamini wameibiwa. Hawakuibiwa, ndivyo hesabu ya mkopo mrefu inavyokwenda, na ndiyo sababu shilingi inayoongezwa katika miaka ya mwanzo hufanya kazi kubwa kuliko ile inayoongezwa mwishoni. Mkopaji huyo akiongeza shilingi 10,000 kila mwezi tangu rejesho la kwanza, atamaliza kabla ya mwaka wa kumi kutimia, na riba yote itashuka kutoka takriban milioni 5.1 hadi kama milioni 3.06.

Kuhusu adhabu ya kulipa mapema, ambayo ndiyo hofu ya wengi, sheria ya Kenya haikumwacha mkopaji peke yake. Kifungu cha 85 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinampa aliyeweka ardhi yake rehani haki ya kuikomboa baada ya kulipa deni lote, na kinabatilisha sharti lolote la mkataba linalomnyima au kumbana katika haki hiyo. Akitaka kuikomboa kabla ya muda, mkataba unaweza kumtaka atoe notisi ya mwezi mmoja, au alipe riba isiyozidi ya mwezi mmoja. Benki yangu ilikuwa na sharti la notisi, nami nilipoiwasilisha kwa maandishi hapakuwa na mvutano. Hapo naipa alama zote. Mwenye mkataba unaotaja asilimia fulani ya deni kama ada ya kumaliza mapema na asome kifungu hicho pamoja na wakili wake kabla ya kulipa chochote.

Tatizo lilikuwa katika malipo ya ziada ya katikati, yale ambayo hayamalizi deni bali yanalipunguza. Hapa benki ina njia tatu za kuzitumia fedha za mteja, na haimwelezi hata moja. Inaweza kuziacha kwenye akaunti ya makato kama malipo ya mbele, zikasubiri kukatwa mwezi hadi mwezi huku riba ikiendelea kuhesabiwa juu ya deni zima. Inaweza kupunguza nazo deni la msingi, kisha ikakokotoa upya rejesho dogo zaidi kwa muda uleule. Au inaweza kupunguza deni na kuliacha rejesho kama lilivyo, ili muda ndio ufupike. Katika mfano wetu, mkopaji akileta shilingi 500,000 mwishoni mwa mwaka wa tano na rejesho likabaki 50,610, atamaliza miezi 30 mapema. Benki ikilishusha rejesho hadi kama 43,145 badala ya kufupisha muda, atapata nafuu ya kila mwezi, lakini mpaka mwisho atakuwa amelipa takriban shilingi 650,000 zaidi ya yule wa kwanza. Fedha ni zilezile na siku ya kuzilipa ni ileile. Kinachotofautisha ni alama moja kwenye fomu, na fomu hiyo mteja haonyeshwi mpaka aiulizie.

Nami nilipoleta malipo ya ziada ya namna hiyo, barua yangu ilisema waziwazi kwamba fedha zipunguze deni la msingi na muda ufupishwe. Taarifa ya mwezi uliofuata ilionyesha deni halijaguswa. Nilikwenda tawini, na kijana wa dawati la mikopo akaitazama skrini yake, akasema kwa upole, "Mzee, pesa zako ziko salama, zimekaa kwenye akaunti." Nilimjibu kwamba sikuzileta zikae. Ilibidi barua itumwe upya makao makuu Nairobi, kwa kuwa tawi halina mamlaka ya kuugusa mfumo wa mikopo. Riba ya kipindi hicho nilirudishiwa baada ya kuidai kwa maandishi, bila neno la pole. Kijana simlaumu, maana alikuwa mwenye adabu na alinipa nakala ya kila karatasi yenye muhuri wa kupokelewa. Lawama ni ya benki inayomweka mtu kwenye dawati la mikopo bila kumpa uwezo wa kuusimamia mkopo.

Lipo pia swali la kama mtu anapaswa kulipa mapema kabisa. Tangu mwishoni mwa Desemba 2024, mwenye mkopo wa nyumba anayoishi huruhusiwa kuondoa riba ya hadi shilingi 360,000 kwa mwaka katika mapato yanayotozwa kodi, kutoka kiwango cha awali cha 300,000. Nimewasikia wenzangu wakiitaja nafuu hiyo kama sababu ya kutoharakisha, nami hoja hiyo hainiingii: kwa mtu anayetozwa asilimia 30, ni kulipa shilingi moja ya riba ili kuokoa senti 30 za kodi. Hoja yenye uzito ni ile ya hati fungani, yaani kuikopesha Serikali akiba yako kwa riba. Februari 2024, Benki Kuu ilipokuwa imepandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13, Serikali iliuza hati fungani ya miundombinu ya miaka 8.5 kwa riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Aliyekuwa na mkopo wa nyumba wa riba ya chini ya hapo na akiba mkononi alifanya vyema kuikopesha Serikali kwanza. Vivyo hivyo, waliopata mikopo ya riba ya chini ya asilimia 10 kupitia fedha za KMRC, kampuni inayozikopesha benki fedha za mikopo ya nyumba, hawana sababu ya kujikamua.

Kwa wasomaji wa Pwani waliokwepa riba na kununua nyumba kwa murabaha, ambapo benki hununua nyumba na kumuuzia mteja kwa bei yenye faida, hesabu zangu za juu haziwahusu, kwa sababu bei yao yote, pamoja na faida ya benki, ilikwisha kufungwa siku ya mkataba. Kulipa mapema hakupunguzi bei hiyo kwa nguvu ya mkataba. Punguzo likija ni hisani ya benki, na inafaa kuliulizia mapema. Wenye musharaka inayopungua, yaani ubia wa nyumba kati ya mteja na benki, wana wepesi zaidi, kwani wananunua hisa za benki katika nyumba na kodi ya pango wanayoilipa benki inashuka kadiri hisa hizo zinavyopungua.

Sehemu ya mwisho ya huduma ndiyo niliyoipa alama za chini kabisa. Barua ya salio la kumaliza mkopo huhesabiwa mpaka tarehe maalumu, na riba huongezeka kila siku inayopita, kwa hiyo anayelipa akiwa amechelewa hata kidogo hubaki na deni dogo linaloweza kuzuia hati yake. Baada ya kulipa, benki hutayarisha hati ya kuiondoa rehani, ambayo hutiwa saini, hulipiwa ada na kusajiliwa katika ofisi ya ardhi, na wakili anayeishughulikia hulipwa na mteja. Faili langu lilikwama kwa wakili wa benki, wala si ofisi ya ardhi kama nilivyoambiwa, na lilisogea nilipoanza kumpigia wakili huyo moja kwa moja. Hatimiliki ikirudi, utafutaji rasmi wa kumbukumbu za ardhi hiyo ufanywe upya ili kuona kwamba rehani imefutwa katika daftari lenyewe, kisha bima ya moto ibadilishwe, maana jina la benki hubaki humo kama mnufaika wa kwanza hadi mwenye nyumba aombe liondolewe.