Kupandisha tovuti kwa amri moja: uzoefu wangu na Firebase Hosting

Tovuti ninazotengeneza ni nyepesi: kurasa za HTML, CSS, picha na JavaScript kidogo, basi. Zamani nilizipandisha kwa FTP, njia ya kuhamishia faili kwenye seva, na aliyewahi kuitumia anaijua adha yake. Mtandao ukikatika katikati ya kazi, nusu ya faili zinakuwa mpya na nusu za zamani, na anayefungua ukurasa wakati huo anakuta vurugu tupu. Hilo ndilo lililonihamishia Firebase Hosting, huduma ya Google ya kuweka tovuti hewani.

Maandalizi hayana mambo mengi. Ukishakuwa na Node.js, programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, unafungua dirisha la amri na kuandika `npm install -g firebase-tools`, halafu `firebase login`, na kivinjari kinafunguka ili uingie kwa akaunti ya Google.

Penye kuhitaji utulivu ni `firebase init hosting`, maana hapo unaulizwa maswali. Kwanza folda yenye faili za kupandishwa: wanaojenga tovuti kwa zana ya Hugo wataandika `public`, wa zana ya Vite wataandika `dist`. Halafu unaulizwa kama tovuti ni ya ukurasa mmoja. Kama kurasa zako ni nyingi, kataa. Ukikubali, kila anwani isiyokuwepo itajibiwa kwa `index.html`, hivyo kiungo kilichokufa kitaonekana kizima na wala hutashtuka. Ikikuta tayari una `index.html`, itauliza kama iandike yake juu ya hiyo yako. Kataa pia. Nashukuru kwamba wenye haraka wanaobonyeza Enter bila kusoma wamefikiriwa: jibu lililowekwa tayari ni hapana.

Baada ya hapo kila toleo jipya ni `firebase deploy --only hosting`. Mistari inayopita kwenye skrini inafaa kusomwa angalau mara moja: zana inahesabu faili, inapandisha zile tu zilizobadilika, inaandika `version finalized`, na mwisho kabisa `release complete`. Kati ya mistari hiyo miwili ya mwisho ndipo uzuri wote ulipo. Toleo jipya linakamilishwa pembeni kwanza, kisha linawekwa hewani lote kwa mpigo. Mtandao ukikatika kabla ya hapo, wasomaji wanaendelea kuona toleo la jana bila kujua lolote. Na ukiona uliloweka halifai, unaingia kwenye konsoli, yaani ukurasa wa Firebase wa kusimamia mradi, na kurudisha la zamani kwa kubofya. HTTPS nayo imo tangu mwanzo, cheti hukigusi.

Kinachowachanganya wengi ni kashe. Kwa kawaida faili zinatumwa na maagizo ya `max-age=3600`, yaani kivinjari kinaruhusiwa kushikilia nakala yake kwa saa nzima. Kwenye seva mambo ni mapya, lakini mteja anakupigia simu kwamba haoni mabadiliko! Dawa iko kwenye `firebase.json`, sehemu ya `headers`: kurasa za HTML zipe `no-cache`, picha ziache zikae.

Kitu nilichokipenda kuliko nilivyotarajia ni `firebase hosting:channel:deploy` ikifuatiwa na jina lolote. Unapata anwani ya muda ya kumwonyesha mteja kazi kabla haijatoka, na usipoipangia muda inajifunga baada ya siku 7. Ila haina nywila, kwa hiyo yeyote mwenye kiungo anaingia. Mambo ya siri usiyaweke huko.

Mpango wa bure unatoa GB 10 za hifadhi na MB 360 za data kwa siku. Kwa maandishi hiyo ni nyingi mno. Kwa picha, piga hesabu: ukurasa wa MB 3 ukifunguliwa na wageni wapya 120, siku imekwisha. Mimi picha nazibana kwanza, ndipo naandika `deploy`.