DatePeriod ya PHP kwenye kalenda ya gesti Kisumu: uzoefu wangu

Kama unatengeneza tovuti ya kubuku vyumba, ukumbi au boti, acha kuhesabu siku kwa sekunde. Tumia DatePeriod, kifaa kinachokupa tarehe moja moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Imo ndani ya PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, tangu toleo la 5.3 la mwaka 2009, hailipiwi, haitaki usakinishe kitu chochote, na bado nakutana na mifumo hapa Kisumu ambayo haijawahi kuigusa. Mimi naitumia kwenye kalenda ya gesti moja ya mtaa wa Milimani, kwenye daftari la mahudhurio ya wafanyakazi wake, na kwenye ratiba ya chama kinachokodi ukumbi wao. Nimeridhika nayo kabisa, ila yapo mambo ya kujua mapema.

Mfumo wa gesti hiyo niliupokea kutoka kwa fundi mwingine. Ulichora kalenda kwa kuanzia saa sita usiku ya tarehe mosi, kisha kuongeza sekunde 86,400, yaani saa 24, tena na tena mpaka visanduku vya mwezi viishe. Kwa saa za Kenya hesabu hiyo haileti shida, maana sisi hatusogezi saa mbele wala nyuma. Tuko saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa ya kulinganishia, mwaka mzima. Lakini seva ilikuwa Ujerumani, nayo imewekwa saa za Berlin. Huko, Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma na siku hiyo huwa na saa 25. Mwaka 2025 iliangukia tarehe 26. Ukiongeza sekunde 86,400 kuanzia mwanzo wa tarehe 26, unafika saa tano usiku ya tarehe hiyo hiyo. Basi kwenye skrini ya mapokezi tarehe 26 ikajitokeza mara mbili, chini ya Jumapili na tena chini ya Jumatatu, kila tarehe iliyofuata ikasogea kisanduku kimoja, na 31 haikuonekana. Dada wa mapokezi alikuwa akiandika wageni wa tarehe 31 kwenye karatasi, halafu anaibandika ukutani kando ya kompyuta.

DatePeriod hutembea kwa siku za kalenda. Unaipa mwanzo, hatua na mwisho:

$hatua = new DateInterval('P1D');
$kipindi = new DatePeriod($kuingia, $hatua, $kutoka);
foreach ($kipindi as $siku) {
    echo $siku->format('Y-m-d');
}

P1D ni hatua ya siku moja. Siku iwe na saa 23, 24 au 25, kwake ni siku moja tu. Hata hivyo usiiache seva na saa za watu wengine: weka Africa/Nairobi mwanzoni mwa programu, kwa sababu malipo na risiti pia zinategemea saa hiyo.

Sasa nije kwenye jambo linalowaudhi wengi, na ambalo mimi ndilo lililonifanya niipende. DatePeriod haihesabu siku ya mwisho. Ukiipa tarehe 12 hadi 15, itakupa 12, 13 na 14, kisha itasimama. Nimesikia vijana wakisema ni hitilafu. Kwa mwenye gesti, hiyo ndiyo hesabu yenyewe. Mama mwenye gesti yetu alikuwa ameniita mapokezi, akanionyesha kisanduku chekundu: "Mwanangu, huyu mgeni ameondoka asubuhi, chumba kimeshafagiliwa, mbona hapa kinaonyesha bado kimeshikwa?" Nikamwambia, "Mama, mfumo huu unahesabu siku, na wewe unauza usiku." Mgeni wa tarehe 12 hadi 15 analala usiku wa 12, wa 13 na wa 14. Tarehe 15 chumba ni cha mwingine. Mfumo wa zamani ulikuwa unamfungia mama huyu chumba siku moja zaidi kwa kila mgeni, na hizo ni pesa.

Niliipima kwa rekodi za wiki ya Africities, mkutano uliofanyika hapa Kisumu tarehe 17 hadi 21 Mei 2022, wakati gesti ilikuwa imejaa. Mgeni wa kuingia tarehe 16 na kutoka tarehe 22 akatozwa usiku sita, na tarehe 22 ikabaki wazi kwa anayefuata.

Ila hapo kuna mtego wa saa. DatePeriod hulinganisha tarehe pamoja na saa yake. Mgeni akiingia tarehe 12 saa nne asubuhi, kisha akaandikiwa kuondoka tarehe 15 saa nane mchana, saa nne asubuhi ya tarehe 15 bado iko kabla ya mwisho, kwa hiyo 15 nayo inahesabiwa na mgeni anadaiwa usiku wa nne ambao hakulala. Rudisha tarehe zote mbili kwenye saa sita usiku kwa setTime(0, 0) kabla ya kuanza mzunguko. Na tumia DateTimeImmutable, si DateTime ya kawaida, kwa sababu ile ya kawaida ukiiongezea siku moja inabadilika yenyewe, na tarehe iliyobadilika ndiyo itakayochapwa kwenye risiti.

Kwenye daftari la mahudhurio mambo yanageuka: huko siku ya mwisho ni ya kazi na lazima iwemo. PHP 8.2, iliyotoka Desemba 2022, ilileta INCLUDE_END_DATE kwa ajili hiyo. Seva yetu ya kukodi ilikuwa bado kwenye 7.4, kwa hiyo naongeza siku moja kwenye mwisho, na inafanya kazi vilevile.

Chama hukutana Jumapili ya mwisho ya kila mwezi. Nilidhani ningehitaji kuandika mahesabu marefu, kumbe hatua inaweza kutajwa kwa maneno: DateInterval::createFromDateString('last sunday of next month'). Weka mwanzo tarehe yoyote ya Desemba 2025, ongeza EXCLUDE_START_DATE ili tarehe hiyo ya kuanzia isihesabiwe, na mkutano wa kwanza unaotoka ni 25 Januari 2026. Lazima uanzie mwezi uliotangulia, maana kila hatua inaruka kwenda mwezi ujao. Sijaona njia iliyo safi kuliko hii.

Usijaribu hatua ya mwezi mmoja, P1M, kuanzia tarehe 31. Kuna mpangaji wa muda mrefu anayelipa mwisho wa mwezi; kutoka 31 Januari 2025 hatua hiyo inaruka Februari nzima na kutua 3 Machi. Kwake tumia 'last day of next month'.

Mapungufu yake mengine ni madogo. Majina ya siku hutoka kwa Kiingereza. Kupata Jumatatu na Jumanne nimetumia IntlDateFormatter na sw_KE (Kiswahili cha Kenya), na hakikisha seva yako ina kiendelezi cha intl kabla ya kumwahidi mteja. Sikukuu haizijui hata moja. Mashujaa ya 20 Oktoba na Jamhuri ya 12 Desemba naziorodhesha mwenyewe, pamoja na kanuni kwamba sikukuu ikiangukia Jumapili, mapumziko huenda Jumatatu. Idd hungoja mwezi kuandama, kwa hiyo nimempa mama mahali pa kuiingiza kwa mkono.

Jambo la mwisho linahusu kivinjari. Hata seva ikitoa tarehe sahihi, JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari, inaweza kuiharibu. Chukua saa sita usiku ya Kisumu, ipitishe kwenye toISOString, inayogeuza tarehe kuwa maandishi, nawe utapata saa tatu usiku ya jana yake, kwa sababu inahesabu kwa UTC. Kwetu hilo hutokea kila siku ya mwaka. Temporal.PlainDate, ambayo ni tarehe isiyobeba saa, inaondoa tatizo hilo, na Firefox imekuwa nayo tangu toleo la 139 la Mei 2025. Lakini wageni wetu wengi wanabuku kwa simu za zamani, hivyo seva inatuma kila tarehe ikiwa maandishi matupu, mfano 2026-01-25, na kivinjari kinaichora bila kuihesabu upya.