TAHADHARI: Waya ya "FireWire kwenda USB" inayouzwa Goma haihamishi kaseti, na inaweza kuua kamera yako

Bandugu wa Goma, hasa nyinyi wa studio, wa kwaya, na kila familia yenye kaseti ndogo za MiniDV kabatini: kuna waya inauzwa mjini kwetu, upande mmoja ina kichwa kidogo cha kuingia kwenye kamera, upande wa pili ina kichwa cha USB cha kawaida. Inatembezwa mtaa wa Birere na kwenye vikundi vya WhatsApp kwa jina la "adapta ya FireWire". Bei inaanzia dola 15, na nimekutana na watu waliotoa 25. Msiinunue. Aliyekwisha kuinunua asiichomeke popote. Waya hiyo haiwezi kuhamisha hata sekunde moja ya video, na ikichomekwa kwenye kamera inaweza kuunguza tundu la DV, yaani tundu la FireWire la kamera, lile linalotoa video kwenda kompyuta.

Kinachoniuma si hizo dola. Kaseti za MiniDV ndizo zilizorekodi mji huu kwa miaka mingi kabla ya simu kuanza kupiga video. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002 na lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani, wengi waliokuwa na kamera mikononi walikuwa na kamera za kaseti. Mitaa iliyofunikwa siku ile, watu waliokwisha kufariki, harusi za wazazi wenu, kwaya zilizokuwa zinaimba wakati ule, vyote vimekaa kwenye utepe mwembamba ndani ya kaseti hizo. Na kamera za kuzisoma hazitengenezwi tena. Ukiua kamera, kaseti zako zinabaki bila cha kuzisoma, na kupata nyingine nzima hapa mjini ni kazi ya kuomba na kuulizia.

Mama mmoja, mhazini wa kwaya, aliniletea kamera ya Sony PD170 ya kanisa lao. Muuzaji alikuwa amewachomekea waya mwenyewe, kompyuta ikakaa kimya, akachomoa, akachomeka tena, akajaribu tundu lingine, kisha akasema: "Mama, kamera yenu imezeeka, waya yangu ni orijinale, imetoka Dubai." Makuta, yaani pesa, hakurudisha. Nilipoijaribu kamera kwa waya halali kwenye mashini yangu yenye FireWire, hakuna kilichoonekana. Kamera nyingine kwa waya ileile na mashini ileile ilionekana mara moja. Kaseti ilicheza vizuri kwenye kioo cha PD170, sauti safi, rangi safi. Kilichokufa ni tundu la DV peke yake. Kwa mujibu wa wanakwaya, tundu hilo lilikuwa zima kabla ya siku ile, maana walikuwa wamehamisha kaseti nyingine kwa laptopu ya zamani ya mwenzao.

Sasa eleweni hili vizuri, kwa sababu ukilielewa hakuna atakayekudanganya tena.

FireWire ni kiwango cha kuunganisha vifaa kwa waya, kilichoidhinishwa mwaka 1995 kwa jina la IEEE 1394. Sony waliiita i.LINK, na kwenye kamera nyingi pameandikwa tu DV. Tundu dogo la kamera lina pini 4, zote ni za data, jozi mbili, na hakuna umeme unaopita humo. USB ya kawaida nayo ina pini 4, lakini mbili tu ndizo za data. Moja inaleta umeme wa volti 5 na nyingine ni ya kurudisha umeme. Idadi inafanana, kazi hazifanani. Tena namna ya kuzungumza ni tofauti kabisa: kwenye USB kompyuta ndiyo inaamuru na kifaa kinajibu, kwenye FireWire vifaa ni sawa kwa sawa, hata kamera mbili zinaweza kupeana video bila kompyuta kuwepo. Kutafsiri kati ya hizo mbili kunahitaji chipu na programu yake. Waya ya Birere nimeikata nikaitazama: ni nyuzi nne za shaba, basi. Hakuna chipu ndani. Kwa hiyo volti 5 za USB zinaenda kutua kwenye pini iliyotengenezwa kwa ishara ndogo za data. Ndivyo matundu yanavyoungua.

Ipo pia ya kichwa kikubwa, cha pini 6, wanayowauzia wenye skana na diski za zamani. Hiyo ni hatari kwa upande mwingine vilevile, kwa sababu FireWire ya pini 6 inabeba umeme, na kiwango chake kinaruhusu hadi volti 30. Hebu fikirieni volti kama hizo zikiingia kwenye kitu cha USB kilichozoea 5.

Mtu ataniambia: mbona rafiki yangu alionyeshwa inafanya kazi? Nimeuliza wengi jinsi walivyoonyeshwa, na hadithi ni moja. Kamera nyingi za Sony za wakati ule zina tundu la USB pembeni ya tundu la DV, na kazi yake kubwa ni kutoa picha za mnato zilizoko kwenye kadi ndogo ya Memory Stick. Muuzaji anaweka kadi, anachomeka waya ya kawaida ya USB, kompyuta inalia, folda inafunguka, picha zinaonekana. "Mzee, umeona? Mashini imeitambua kamera." Kisha anakupa pakiti iliyofungwa, na ndani yake kuna waya nyingine kabisa. Kwa hiyo mkimtembelea muuzaji yeyote, wa waya, wa kadi ya FireWire ya kompyuta au wa laptopu, ombeni jambo moja tu: kaseti yenu iwe ndani ya kamera, kamera iwe kwenye hali ya VCR au PLAY, na video ya kaseti ile ionekane ikitembea ndani ya dirisha la kompyuta. Kwa FireWire ya kweli, kompyuta inaweza hata kuirudisha kaseti nyuma na kuisimamisha bila mtu kugusa kamera. Akikataa kuonyesha hilo, ondokeni.

Haki lazima isemwe: miaka ya 2000 vilikuwepo visanduku vilivyopokea DV na kutoa USB, Pinnacle walitengeneza vya namna hiyo. Lakini ni visanduku, vina chipu na draiva zake (programu za kuendesha kifaa) za Windows za wakati ule. Hakuna hata kimoja kilichokuwa waya tupu.

Wenye Mac wanapigwa kwa namna yao. Njia halali kwenye Mac za karibuni ni mnyororo wa vipande vitatu unaopitia Thunderbolt, tundu la kasi la Mac: adapta ya Apple ya Thunderbolt 3 kwenda Thunderbolt 2, kisha adapta ya Thunderbolt kwenda FireWire 800, kisha waya ya pini 9 kwenda pini 4. Ni ghali, lakini inafanya kazi. Hapa wauzaji wanabadilisha kipande cha kwanza. Kichwa cha Thunderbolt 2 kina umbo lilelile la Mini DisplayPort, kwa hiyo wanakupa adapta ya skrini, ile ya USB-C kwenda Mini DisplayPort, ya bei ndogo. Inaingia bila shida, na haipitishi chochote cha FireWire. Tafuteni alama ya radi kwenye adapta yenyewe. Na kabla ya kutoa hata franka moja, angalieni toleo la mfumo: Apple waliondoa FireWire kabisa kwenye macOS 26, inayoitwa Tahoe, iliyotoka 2025. Mac iliyopandishwa hadi Tahoe haitaiona kamera hata ukiwa na vipande halali vyote. Sequoia, yaani macOS 15, bado inaiona.

Kwa mji wetu mimi nashauri njia nyingine, ya bei nafuu na isiyo na mnyororo: tafuteni laptopu ya zamani yenye tundu la FireWire lake lenyewe. Zipo kwa wauzaji wa mitumba ya kompyuta, na watu wanazipita kwa sababu zinaonekana nzito na mbaya. Upande wa Windows, tazameni ubavuni kama kuna tundu dogo lililoandikwa 1394 au i.LINK. Upande wa Apple, MacBook Pro ya inchi 13 ya mwaka 2012, ile nene yenye sehemu ya CD, ina FireWire 800. Ile nyembamba ya Retina ya mwaka huohuo haina, na tayari nimesikia inauzwa kama "ya FireWire", kwa hiyo muwe macho. Wenye kompyuta ya mezani wanaweza kuweka ndani yake kadi ya FireWire ya aina ya PCI Express yenye chipu ya Texas Instruments au VIA. Kuanzia Windows 8, Microsoft waliondoa draiva ya zamani ambayo kamera nyingi zinaihitaji, kisha wakaitoa peke yake bure. Ni ile yenye neno Legacy mwishoni mwa jina. Ukiiweka, kadi hizo zinafanya kazi hata kwenye Windows 10 na 11. Programu ya kunakili pia ni ya bure: WinDV kwa Windows, dvgrab kwa Linux, na kwenye Mac iMovie inatosha. Anayekuuzia "programu ya FireWire" kwa dola anakuuzia hewa.

Zima kamera na kompyuta kabla ya kuchomeka. Kichwa cha pini 6 kikilazimishwa kinyume kwenye tundu lililochoka kinaingia, na kikiingia hivyo kinaunguza.

Kwa wenye studio za picha na skana za negativu: geuzeni skana mtazame nyuma kabla ya kusikiliza mtu. Epson Perfection 4990 na V750, kwa mfano, zina matundu mawili, FireWire na USB. Tumieni la USB, kwa waya ya kawaida ya printa, na msinunue kitu kingine. Mtu wa studio hapa aliuziwa waya ya pini 6 kwa skana ambayo tundu lake la USB lilikuwa zima, limefunikwa vumbi tu. Nikon Coolscan 8000 na 9000 zina FireWire peke yake. Hizo zinataka kadi halali au laptopu kama nilizozitaja, na programu ya VueScan bado inaziendesha ingawa Nikon wenyewe waliachana nazo zamani.

Kuna na hawa wa "tuletee kaseti, tunahamisha dakika tano". Kaseti ya saa moja inahamishwa kwa saa moja. DV haina njia ya mkato, inacheza kama ilivyorekodiwa na kompyuta inapokea. Faili la DV la saa moja ni kama GB 13. Ukirudishiwa flashi yenye faili la MB 300, ujue kilichofanyika ni kingine: wamepiga video ya kioo cha kamera kwa simu, au wamepitisha kwenye kifaa cha bei rahisi na kukamua picha. Ulizeni ukubwa wa faili kabla ya kulipa. Na flashi iwe imefomatiwa kwa exFAT au NTFS, kwa sababu FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, na wapo wanaokukatia video vipande vipande kisha wanakutoza kwa kila kipande. Jambo la mwisho juu yao: msiache kaseti zenu kwa mtu bila karatasi yenye orodha na sahihi. Kaseti ni ya pekee, hakuna nakala nyingine ya siku ile.

Kama waya hii tayari imeingia kwenye kamera yako, usihukumu kamera kwa haraka. Chomoa waya, toa betri, pumzisha kidogo, kisha cheza kaseti na utazame kioo. Ikicheza vizuri, jaribu tundu la DV kwa mtu mwenye laptopu halali ya FireWire. Likiwa limekufa, bado kuna tundu la AV, lile la waya za njano, nyeupe na nyekundu, au la S-Video kama kamera yako inalo. Hayo yana njia yake ya umeme. Kifaa cha kunasa video cha USB kinachopokea waya hizo kinafanya kazi kweli, kwa sababu chenyewe kina chipu ndani. Picha itapungua ubora ukilinganisha na DV, rangi zitalainika na mistari itaonekana kidogo, lakini harusi itaonekana, sauti ya kwaya itasikika. Nakilini hivyo kwanza, hifadhini mahali pawili, na kaseti msizitupe: siku mtakapopata kamera nyingine yenye tundu zima mtazinakili upya kwa ubora wake wote.